Alichosema Nahodha Gatini

Mtaani kwake walimwita Nahodha, naye aliitika kwa furaha. Mwenye duka alimwita hivyo, kinyozi alimwita hivyo, hata wakwe zake walipomletea kadi ya mwaliko wa harusi waliandika juu ya bahasha "Mzee Nahodha na Mama". Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mabega mapana, ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na alisimama miguu imeachana kidogo kama mtu aliyezoea sakafu inayoyumba. Kusimama huko alijifundisha mwenyewe ujanani, mbele ya kioo.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kusafiri baharini hata siku moja. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi bandarini, ndani ya ghala namba sita, akishona maturubai ya kufunikia mizigo. Sindano yake ilikuwa nene kama msumari, uzi aliupaka nta, na kiganjani alivaa kipande cha ngozi ili sindano isimtoboe. Mabaharia walileta maturubai yaliyochanika, wakakaa juu ya magunia kusubiri, na katika kusubiri wakapiga soga. Yeye alishona huku masikio yamemsimama. Jioni, watoto wake watatu wakiwa wamemlalia mapajani, aliwasimulia dhoruba na nyangumi na miji ya mbali, akasema yote hayo yalimpata yeye, zamani, kabla mama yao hajamvuta nchi kavu na bandari haijampa "kazi ya ofisini".

Mara ya kwanza ilikuwa mzaha tu. Lakini mtoto wa kwanza alimtazama macho yamemtoka pima akauliza, "Kisha, baba?" Basi ikawa kila jioni kuna "kisha", na mzaha ukaota mizizi.

Walipotimiza miaka arobaini na tano ya ndoa, yeye na mkewe, watoto walichanga wakawakatia tiketi za meli ya kitalii, safari ya siku saba. "Baba, umetuhadithia bahari maisha yetu yote," alisema binti mkubwa, ambaye ni mfamasia. "Sasa sisi tunakurudisha." Mzee alijaribu kusema kwamba friji la nyumbani limechoka, na kama kuna kitu wanataka kumpa, basi afadhali friji. Wakacheka mpaka machozi, wakidhani ni unyenyekevu wake.

Wakapanda meli wanne: mzee, mkewe, binti mkubwa, na mtoto wa huyo binti, msichana wa miaka tisa ambaye nyumbani walimwita Kiroboto kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja. Babu yake peke yake ndiye aliyemwita Baharia. Siku mbili za mwanzo mzee alitapika, akasingizia mchuzi. Siku ya tatu asubuhi meli ikatia nanga kwenye kisiwa, na abiria wakatangaziwa kwamba wana siku nzima ya kutembea, ila saa kumi na moja jioni kila mtu awe amerudi, kwa maana saa kumi na mbili meli inang'oa nanga.

Wakapangiwa basi dogo la watu ishirini. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na viatu vya mpira, aliyejua kila kona ya kisiwa kile kama anavyojua jiko lake. Aliwapeleka kwanza mlimani kutazama ghuba, kisha kwenye bustani ya maua. Kila basi liliposimama, Nahodha alikuwa na la kusema. Akitazama mawingu, alisema upepo utageuka. Akitazama mawimbi, alitikisa kichwa taratibu kama anayetambuana na rafiki wa zamani. Daktari wa meno mmoja mstaafu, abiria mwenzao, akamganda kama kupe. Daktari huyo alikuwa mzito wa kusikia, na kifaa chake cha sikio alikuwa amekiacha melini akihofia maji ya chumvi, hivyo mzee alilazimika kumsimulia kwa sauti ya juu, na basi zima likasikia.

"Baba watoto," mkewe alimnong'oneza, "punguza basi."

"Ni mazungumzo tu, mama watoto."

Saa nne na nusu wakafika kwenye ghuba ndogo ya kuogelea. Maji yalikuwa meupe karibu na mchanga, halafu kijani, halafu mbele kidogo yakawa na rangi nzito ya wino. Gati la mbao lilitoka ufukweni likaenda mpaka kwenye ile rangi nzito. Mwongozaji akaeleza vizuri, tena mara mbili: watoto waogelee ndani ya kamba yenye maboya tu, na wavae majaketi yao ya kuelea. Mwisho wa gati kina ni kirefu, hakuna anayeruka pale.

Binti na mama yake wakatandika taulo mchangani. Nahodha akaenda na daktari hadi mwisho wa gati, akakunja suruali, akaketi karibu na ngazi ya chuma iliyoshuka majini. Mwongozaji alikuwa hatua chache nyuma yao, amechuchumaa, akipanga miwani ya kuzamia ndani ya kikapu. Daktari alikuwa amewapa mgongo, akipiga picha majabali kwa simu.

Kiroboto akaja mbio, maji yanamtiririka, jaketi ameliacha njiani kwa sababu lilikuwa linamkaba shingo. Alikuwa amejifunza kuogelea shuleni kwa muhula mmoja, katika bwawa ambalo maji yalimfika kifuani.

"Babu, naweza kuruka hapa?"

Mzee alitazama yale maji. Hakuiona sakafu yake. Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa akimtazama kwa macho yale yale ya mama yake zamani, macho ya "kisha, baba?"

"Ruka, Baharia!" akasema. "Babu yako yupo hapa. Unaogopa nini?"

Mtoto akaziba pua, akaruka.

Alizama, akaibuka mbali kidogo na ngazi kuliko alivyotarajia, akakohoa, akapiga maji kwa mikono yote miwili kama anayefukuza nyuki. Akasema "Ba—" na maji yakaingia mdomoni. Akazama tena.

Mzee alisimama. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, kisha wa pili, maji yakamfika kwenye vifundo. Hapo ndipo alipokwama. Mikono yake ilishika vyuma vya ngazi, naye akaiamuru iachie, ikakataa katakata. Aliona nywele za mjukuu wake zikielea chini ya maji, umbali wa mikono miwili hivi, na hakufanya lolote. Hakupiga hata kelele.

Kitu kikampita kando ya sikio. Ni mwongozaji, na nguo zake na viatu vyake, amejitupa kichwa kwanza. Muda si muda alikuwa ameibuka na mtoto, amemshika kwapani, anamsukuma kwenye ngazi. "Sogea, mzee! Nipishe!" Na mzee, aliyekuwa ameziba ngazi, ikabidi apande juu kwanza ndipo mtoto apite.

Kiroboto alitapika maji, akalia, na kile kilio kikawa ndicho kitu kizuri kuliko vyote ambavyo babu yake amewahi kusikia. Mama yake alikuwa ameshafika, anahema, mchanga hadi magotini. Alimkumbatia mtoto, akampapasa kichwa, mbavu, mikono. Alipohakikisha kwamba ni mzima, woga ukageuka hasira, kama kawaida ya wazazi.

"Nani kamwambia aruke hapa?"

Watu walikuwa wamejaa gatini. Daktari wa meno, simu mkononi, alikuwa akimtazama Nahodha. Mkewe Nahodha alikuwa akija polepole, ameshika upindo wa gauni. Wote wakangoja.

"Nilimkataza," mzee akasema. Sauti ilitoka safi kabisa, bila kutetemeka, na jambo hilo ndilo lililomtisha baadaye. "Nilimwambia hapa pana kina, asiruke. Watoto wa siku hizi hawasikii. Na mimi goti limenikaza hapo kwenye ngazi, nimeshindwa kusogea."

Mtoto aliacha kulia. Alimtazama babu yake, mdomo wazi kidogo.

"Umemsikia babu yako akikukataza, na bado umeruka?" mama yake akafoka. "Leo kutembea kwako kumekwisha. Utakaa ndani ya basi na bibi mpaka jioni. Maporomoko ya maji utayasikia kwa wenzako!"

Kiroboto aliinamisha kichwa. Mzee naye akainama, akajitia kufunga kamba za viatu ambavyo hakuwa amevivaa.

Mchana walikula kwenye mkahawa wa wazi, wali na samaki, na abiria wakampa pole kana kwamba yeye ndiye aliyetolewa majini. Mama mmoja alimletea kiti chenye mto kwa ajili ya goti. Daktari alimjazia glasi. "Hebu tuchangamshe, Nahodha," akapaza sauti. "Tuambie ile ya dhoruba." Mzee hakutaka. Lakini mdomo wake uliozoea ukafunguka wenyewe, na kabla hajajua, alikuwa ameshafika katikati ya dhoruba, mlingoti umevunjika, yeye anaogelea na kamba kiunoni kumfuata mwenzake. Watu wakashangilia. Meza ya pili, Kiroboto alikuwa akitenganisha miba na samaki, mmoja mmoja, akiipanga pembeni mwa sahani. Mkewe mzee aliinuka, akachukua sahani yake, akaenda kukaa na mtoto. Hakumtazama mumewe.

Mzee akaisukuma kando sahani yake.

Basi likawapeleka kwenye maporomoko. Njia ilikuwa ya miguu, robo saa ndani ya msitu, mawe yenye ukungu na mizizi ya kukwaza. Binti mkubwa alitaka kubaki na mwanawe, lakini mama yake alimwambia aende akapoe kidogo, yeye atakaa na mtoto. Mzee pia alikwenda, kwa sababu hakuweza kukaa ndani ya lile basi. Alijikongoja nyuma ya wote, akichechemea, maana sasa ilimlazimu kuchechemea. Mwongozaji, nguo zimemkaukia mwilini na kuacha mistari ya chumvi, alibaki nyuma kumsubiri.

Kisha mwanamke akasema, bila ukali, "Mzee, goti lile ni la kulia au la kushoto?"

Mzee akatazama magoti yake.

"Nauliza tu. Tulipoanza njia hii ulikuwa unachechemea la kulia. Sasa naona la kushoto."

Uso ulimwaka moto.

"Nilikuwa nyuma yenu gatini," mwanamke aliendelea. "Mimi sina uzito wa kusikia. Nilikusikia ulichomwambia mtoto. Sikusema pale kwa sababu wewe ni mtu mzima, umenizidi umri, na si kazi yangu kumvua mtu nguo mbele ya watoto wake. Tena kuogopa maji si kosa. Nimewaona wanaume wenye misuli kama kamba za nanga wakilia kwenye maji ya magoti. Lakini yule mtoto umemwacha abebe mzigo wako, baba yangu. Hilo limenikaa kooni tangu asubuhi."

Akaongeza mwendo, akawafuata wageni wengine, huku akipaza sauti kuwaonya kuhusu jiwe linaloteleza.

Nahodha hakuyaona maporomoko. Aliyasikia tu, yakinguruma nyuma ya miti. Aligeuka akarudi peke yake hadi kwenye basi, bila kuchechemea.

Dereva alikuwa amelala chini ya kivuli. Ndani, mkewe alikuwa akisinzia, kichwa kimeegemea kioo. Kiroboto alikuwa kiti cha nyuma kabisa, magoti kifuani, taulo mabegani ingawa kulikuwa na joto. Mzee akaketi kiti cha jirani. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini mtoto alimtangulia.

"Babu, samahani."

"Samahani ya nini?"

"Mimi nilisikia umesema ruka." Alisema taratibu, kama anayejibu swali gumu la darasani. "Lakini labda maji yalikuwa masikioni. Nimefikiria sana. Labda ulisema usiruke, nikasikia ruka. Kwa sababu wewe huwezi kudanganya, si ndiyo? Sasa goti lako linauma kwa ajili yangu."

Kupigiwa kelele mzee angeweza kustahimili. Kununiwa pia. Lakini mtoto huyu, aliyekunywa maji ya bahari kwa kumwamini, alikuwa amekaa humu muda wote akiyashitaki masikio yake mwenyewe ili babu yake abaki msafi.

"Ulisikia sawasawa," akasema. "Nilisema ruka. Masikio yako hayana kosa lolote, mama yangu. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mtoto alishusha taulo mabegani.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Babu yako hajui kuogelea. Hata kidogo. Niliogopa."

"Lakini ile ya dhoruba? Uliogelea na kamba."

"Aliogelea mtu mwingine. Mimi nilimsikia tu akisimulia."

"Na nyangumi?"

"Wa mtu mwingine."

"Na meli?"

"Sikuwahi kupanda meli yoyote kabla ya hii. Nilikuwa nashona maturubai ghalani. Hiyo ndiyo kazi iliyomsomesha mama yako."

Mkewe alikuwa ameamka. Hakugeuka, lakini mzee aliona bega lake limetulia namna ya mtu anayesikiliza. "Mimi kazi yako niliijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa," akasema akitazama kioo. "Nguo za baharia zikifuliwa hutoa chumvi. Zako zilikuwa zinatoa nta. Nikadhani ni mchezo wenu wewe na watoto, nikanyamaza. Leo naona na mimi nina lawama yangu."

Kiroboto aliteremka kitini. Mzee alidhani anakuja kwake, akanyoosha mkono. Mtoto akampita, akaenda kujibanza ubavuni kwa bibi yake.

Binti mkubwa aliporudi na wenzake, mzee alimsubiri nje, kando ya gurudumu la nyuma, akamwomba wasogee pembeni. Akamwambia yote. Hakuyatafutia utamu wala hakuanzia mbali. Alianza na gati, kisha kuogelea, kisha ghala namba sita. Binti alisikiliza huku akifuta miwani yake kwa ncha ya blauzi, akaifuta mpaka ikawa hakuna kitu cha kufuta.

"Nimemfokea mwanangu mbele ya watu," akasema mwishowe. "Amenusurika kufa, nami nikamfokea. Kwa sababu uliniambia wewe. Kama angeniambia mtu mwingine ningeuliza mara mbili, baba. Wewe sikukuuliza."

"Najua."

"Hujui." Machozi yalimlenga. "Kushona maturubai kuna ubaya gani? Nani angekucheka? Mimi shuleni niligombana na mwenzangu, nikapigwa viboko, kwa sababu alisema baba yangu si baharia. Nilikutetea."

Hilo mzee hakuwahi kuambiwa. Aibu ya mtu mzima ina hili baya: haina kona ya kwenda kujificha wala mkubwa wa kuiombea radhi.

Binti akaingia basini. Kupitia kioo mzee alimwona akipiga magoti kwenye ile njia nyembamba kati ya viti, akimshika mwanawe mashavu, akizungumza naye. Abiria wakasubiri mlangoni, wakijifanya kutazama miti. Mzee akamwendea mwongozaji, akavua kofia.

"Umemwokoa mjukuu wangu na sikukushukuru. Ahsante, dada. Na yale ya msituni pia, ahsante."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. "Basi panda, mzee. Tumechelewa."

Njia nzima ya kurudi bandarini alikaa peke yake. Daktari wa meno alimwinamia akauliza kwa kelele kama upepo utageuka. Mzee akamjibu, kwa sauti iliyotosha kusikiwa na basi zima, kwamba hajui chochote kuhusu upepo, hajawahi kuwa nahodha wala baharia, na mjukuu wake aliruka kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia aruke. Mama aliyempa kiti chenye mto akageukia dirisha. Daktari, ambaye safari hii alisikia kila neno, alirudi nyuma kitini mwake akaanza kupangusa simu.

Saa kumi na moja kasoro walikuwa wamepanga foleni chini ya ngazi ya meli. Binti alikuwa mbele na mwanawe. Kiroboto aligeuka mara moja kumtazama babu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba bado yupo, kisha akageuka tena mbele. Hakutabasamu, wala hakukunja uso.

"Wadogo zangu sitawaambia mimi," binti akasema bila kugeuka. "Walichanga kwa jasho lao ili wewe urudi baharini. Utawaambia mwenyewe."

"Nitawaambia. Leo leo."

Akatoka kwenye foleni, akasimama pembeni ya ukuta wa forodha, akatoa simu. Mkewe akaja kusimama naye, mkoba wake kifuani. Mwanawe wa kiume alipokea kwa furaha. "Mzee mzima! Vipi huko? Bahari imekutambua?"

"Mwanangu, nina jambo la kukwambia. Mimi sikuwahi kuwa baharia."

Kijana akacheka. "Acha utani, baba."

"Sitanii."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Upande wa pili zikasikika sauti za ofisini, kiti kikivutwa, mlango ukifungwa. Mzee alibana simu sikioni.

"Hebu anza mwanzo," kijana akasema.

Akaanza.